Kufunga Mizigo ya Safari Ndefu ya Basi na Watoto Wadogo: Panga kwa Saa, Usipange kwa Mtu

Kila ikikaribia Desemba naletewa lalamiko lile lile: "Nilibeba kila kitu ulichosema, lakini mtoto alipotapika pale Gairo nguo zake zilikuwa kwenye buti." Mwingine pampasi zilikuwa begini, chini kabisa, chini ya zawadi za bibi. Mwingine dawa ya homa ilikuwa kwenye pochi ambayo mume wake aliiweka juu ya keria ya ndani, siti sita nyuma.

Vitu vilikuwepo vyote. Kilichokosekana ni mpangilio. Wengi wetu tunafunga mizigo kama tunavyopanga kabati: nguo za mkubwa huku, za mdogo kule, chakula kikapuni, dawa kwa mama. Nyumbani inafaa. Ndani ya basi umempakata mmoja, mwingine amekulalia begani, taa zimezimwa, na una mkono mmoja tu.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja: kila kitu kipangwe kwa saa kitakapohitajika. Mwenyewe ni nani, hilo baadaye.

Nimeuandika kwa safari ninayoijua, Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, mzazi mmoja na watoto wawili: wa mwaka mmoja na nusu na wa miaka minne. Ukienda Bukoba, Mbeya au Songea, badilisha saa tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vikusanye vyote kitandani kwanza. Usifunge chochote mpaka vimekamilika.

- Begi moja kubwa la buti. Moja. Mabegi mawili na watoto wawili ni mikono minne, nawe hunayo.
- Begi la mgongoni lenye mifuko ya nje na zipu nzima. Hili ndilo begi la miguuni.
- Kipochi cha kuvaa shingoni au kiunoni.
- Kanga tatu zilizokwisha kufuliwa mara kadhaa. Kanga mpya hainyonyi maji.
- Pampasi: hesabu moja kwa kila saa tatu, kisha ongeza nne.
- Tishu zenye maji pakiti mbili, tishu kavu moja, sabuni kipande.
- Kindoo cha lita mbili au tatu chenye mfuniko wa kubana.
- Chupa ya chai ya lita moja, chupa mbili za maji za watoto, na lita tatu za maji ya kunywa.
- Makopo matatu yenye mfuniko, kijiko, kikombe cha plastiki.
- Sweta, soksi na kofia kwa kila mtoto, hata Desemba.
- ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) pakiti tatu, dawa ya homa ya watoto, kipimajoto, plasta.
- Kadi ya kliniki, nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya bima kama ipo.
- Tochi ndogo, pawabenki, kalamu ya wino usiofutika, utepe wa gundi.
- Sarafu za shilingi 200 na 500 kwa ajili ya vyoo vya stendi.

Kama umeona hakuna toroli ya mtoto, sijasahau. Kwenye ngazi za basi na kwenye vumbi la stendi, mbeleko inaishinda mbali.

## Hatua ya 1: Iandike safari kwa saa

Fanya hivi wiki moja kabla. Chukua karatasi, igawe safari vipande. Basi likitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 11 alfajiri, hesabu ya karibu ni hii: Morogoro kwenye saa 2 na nusu asubuhi, Dodoma saa 7 mchana, Singida saa 11 jioni, Shinyanga saa 4 usiku, Mwanza kwenye saa 7 usiku. Mizani, trafiki na foleni ya Kibaha vitaongeza vyao.

Sasa kila kipande kiulize: watoto watakuwa wanafanya nini?

Mbezi hadi Morogoro. Wamelala. Kuna baridi ya alfajiri na kiyoyozi. Kinachotakiwa ni kanga, soksi, na pampasi moja.

Morogoro hadi Dodoma. Wameamka, wana njaa, wana nguvu. Hapa ndipo wanakula na hapa ndipo wanatapika, maana ukishavuka Dumila vinakuja vilima vya Gairo. Nguo kamili mbili kwa kila mtoto, zote karibu.

Dodoma hadi Singida. Jua na joto. Maji mengi, nguo nyepesi, kitu cha kushika mkononi. Kilio cha safari, kama kipo, kwa kawaida huwa hapa.

Singida hadi Mwanza. Kona za Mlima Sekenke kabla ya Shelui, halafu giza. Nguo za kulalia, sweta, na kile utakachohitaji ukishuka.

Kisha ongeza kipande cha tano kisicho na mahali: saa sita za kukaa porini kwa sababu gari limeharibika. Kwa hicho weka pampasi mbili, biskuti, lita moja ya maji. Mara nyingi vinarudi kama vilivyo. Mwaka ambao havikurudi, tulikaa kabla ya Manyoni tangu saa 8 mchana mpaka jua likazama, na akina mama watatu walinijia kuomba pampasi.

Ukimaliza, unatakiwa uwe na karatasi ambayo mtu mwingine akiisoma anaweza kukwambia mtoto atavaa nini saa 9 alasiri. Kama bado imeandikwa "nguo za watoto", rudia.

## Hatua ya 2: Kata siti ukifikiria mizigo

Mtoto wa miaka minne mnunulie siti yake. Najua nauli inauma. Lakini siti ya pili inakupa nafasi ya miguu mara mbili, yaani mahali pa kuweka begi, na inakuondolea jambo la hatari: mtoto kufungwa mkanda mmoja na mzazi aliyempakata. Gari likifunga breki ya ghafla, uzito wako wote unambana yeye kwenye mkanda. Mkanda unaozunguka wawili usiufunge kamwe.

Omba siti za katikati ya basi. Juu ya magurudumu ya nyuma basi linarusha, na anayerushwa ndiye anayetapika.

Na jua je? Desemba jua liko kusini kwetu, na barabara hii inaelekea magharibi na kaskazini, kwa hiyo mchana kutwa linapiga upande wa kushoto. Kaa upande wa dereva. Jambo hili limewahi kuniokolea safari nzima kuliko kiyoyozi chochote, maana kiyoyozi kinaweza kuzimika Manyoni lakini kivuli hakizimiki.

## Hatua ya 3: Punguza nguo mpaka uone haya

Kwa ziara ya wiki mbili, kila mtoto nguo tano za kushindia, mbili za kulalia, moja ya kanisani au ya Idi, na viatu jozi mbili, moja ikiwa mguuni. Basi. Kwa bibi kuna beseni, kuna kamba, na kuna jua.

Sababu si uzito peke yake. Nguo zikizidi, unaacha kukumbuka kipi kiko wapi, na usichokikumbuka kilipo ni sawa na ulichoacha nyumbani.

Nguo za safarini zenyewe ziwe za rangi iliyokolea na za kuvalika bila kupita kichwani: vifungo vya mbele, bukta ya mpira. Ukishawahi kumvua mtoto fulana iliyojaa matapishi kwa kuipitisha usoni, hutanihoji kwa nini.

## Hatua ya 4: Tengeneza vifurushi

Hiki ndicho kiini cha mambo, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kifurushi kimoja ni badiliko moja kamili la mtoto mmoja. Ukikivuta, kimetoka na kila kitu.

1. Tandaza fulana kitandani, mgongo chini. Upindo wa chini ukunje kwa nje, upana wa kiganja, uzunguke fulana nzima kama mkono wa shati uliokunjwa.
2. Weka juu yake bukta, chupi au pampasi, na tishu zenye maji nne ulizozifunga kwenye kipande cha mfuko wa mkate ili zisikauke.
3. Kunja pande mbili za fulana ziingie ndani, mikono ikiwemo, mpaka ibaki mstari mwembamba.
4. Anza kuviringisha kutoka shingoni kushuka chini. Viringisha kwa kukaza, kama mtu anayetengeneza chapati za maji zenye nyama ndani.
5. Ukifika kwenye ule upindo, ugeuze kinyumenyume uvae juu ya mviringo. Umefunga.

Kitupe kwenye ukuta. Kisipofunguka, kiko sawa. Kikifunguka, upindo ulikuwa mwembamba.

Kila kifurushi kibandike utepe na uandike: "M – Gairo", "D – usiku". M ni mkubwa, D ni mdogo. Kwa safari hii ninatengeneza vitatu vya mkubwa na vinne vya mdogo. Juu ya hivyo saba naongeza kimoja changu: blauzi yangu na kanga. Mtoto uliyempakata akitapika, haoni mpaka wa nguo yake na yako, na kubaki saa kumi na blauzi iliyolowa maziwa yaliyoganda nimekufanya mara moja tu maishani. Ilikuwa papo hapo Gairo, basi limejaa, begi liko kwenye buti. Mama mmoja wa siti ya mbele alivua mtandio wake akanipa bila kugeuka, akasema, "Shika mwanangu, jifunge kwanza." Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika vifurushi.

Pampasi zinazobaki ziache kwenye mfuko wake wa dukani. Mfuko ule utauhitaji hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Panga begi la miguuni kutoka mwisho kwenda mwanzo

Kinachotumika mwisho kinaingia kwanza.

Chini kabisa: kifurushi cha usiku cha kila mtoto, masweta, na akiba ya gari kuharibika. Juu yake: vifurushi vya mchana. Juu yake: makopo ya chakula, yakiwa yamesimama wima. Juu kabisa: kanga moja iliyokunjwa na kifurushi kimoja cha dharura kwa kila mtoto.

Mifuko ya nje: upande mmoja maji, upande wa pili chupa ya chai. Mfuko wa mbele tishu na sabuni, basi. Usiupe kazi nyingine, maana mkono wako utauendea mara thelathini.

Kipochi cha shingoni kinabeba simu, tiketi, pesa, sarafu, kadi ya kliniki, dawa ya homa. Hakivuliwi, hata ukilala, hata ukienda kuchimba dawa.

Onyo: begi la miguuni likae miguuni. Utingo atakuja na upole mwingi, "Dada lete nikuwekee juu." Mshukuru, kataa.

## Hatua ya 6: Chakula na maji

Hapa watu wanakosea kwa upendo. Wanaamka saa 8 usiku kupika wali wa nazi na kuku wa mchuzi, wanafunga vikiwa vya moto, na kufika Dodoma wali umechacha. Nazi na joto la basi havipatani. Vivyo hivyo maziwa, mtindi, na chochote chenye mchuzi.

Vinavyofaa:

- Mayai ya kuchemsha, na ganda lake. Yaliwe asubuhi, watoto wakiamka tu. Yakibaki, toa kafara.
- Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda. Mwisho wake saa sita mchana.
- Maandazi, chapati kavu, mkate mtupu. Vinafika mpaka usiku. Usipake siagi.
- Ndizi mbivu, machungwa. Ndizi zibaki na maganda, zikae juu ya makopo. Vipande vya chungwa vinasaidia kichefuchefu kwa watoto wengi.
- Uji kwenye chupa ya chai. Kwanza jaza chupa maji yanayochemka, funga dakika kumi, mwaga, ndipo utie uji unaotokota. Ukiutia kwenye chupa baridi utapoa kabla ya Dodoma, na uji wa uvuguvugu ni nyumba ya vijidudu. Maziwa yasitiwe.

Mchana nunua chakula cha moto hotelini, kile unachokiona kikitoka jikoni kinafuka moshi. Kuku wa Singida kula wewe. Watoto wape wali mtupu na ndizi.

Karanga, bisi na pipi ngumu visimguse mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya gari. Tuta moja tu linatosha kumpalia, na kwenye siti finyu huna hata nafasi ya kumgeuza umpige mgongoni.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee, hata maji hapana. Mama ndiye anywe maji zaidi. Anayetumia maziwa ya kopo, pima unga wa kila mlo kwenye kikopo chake kikavu, maji ya moto yakae kwenye chupa ya chai, uchanganye wakati wa kunywesha. Yaliyobaki baada ya mlo mwaga.

Na usimnyime mtoto maji ili asikojoe. Hili nalisikia kila mwaka. Mpe kidogo kidogo, vifundo viwili vitatu kila baada ya nusu saa. Akipitisha saa sita bila mkojo, midomo ikakauka, akalia bila machozi, huyo ameishiwa maji mwilini.

## Hatua ya 7: Choo na matapishi

Kindoo chenye mfuniko kinakaa sakafuni kati ya miguu yako, mfuniko ukiwa umelegezwa. Ndani weka karatasi za gazeti zilizochanwa. Kikitumika, funga kwa kukaza, mwaga na suuza basi likisimama.

Kwa nini kindoo na si mfuko? Kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na ile mifuko mbadala inavuja. Nimemwona baba mmoja akiishikilia ya mtoto wake kwa mikono miwili kama bakuli la supu, huku suruali inalowa.

Pampasi chafu ikunje uchafu ukae ndani, ibandike kwa gundi zake, itie kwenye ule mfuko wa pampasi wa dukani, fundo juu. Itupe stendi, kwenye pipa. Dirishani si mahali pake.

Aliyekwisha kuacha pampasi kwa muda mfupi, mrudishie kwa safari hii tu, na mwambie mwenyewe: "Hii ni ya basi." Haimrudishi nyuma. Anayejiweza, mpeleke kila basi linaposimama, haja iwepo isiwepo. Basi likisimama porini, kanga moja shika kwa mikono miwili iwe pazia, umsimamie upande usio na barabara.

Kuhusu kichefuchefu chenyewe: mlo mdogo nusu saa kabla ya kupanda, hakuna vya mafuta, macho nje ya dirisha, simu isiguswe kwenye kona. Katuni kwenye simu ukiwa Sekenke ni kumwita mtapiko kwa jina.

## Hatua ya 8: Dawa

Chache na zenye maelezo. Nenda duka la dawa na kadi ya kliniki, uzito wa mtoto umeandikwa humo, akupe kipimo cha dawa ya homa kwa uzito huo. Kiandike kwa kalamu juu ya chupa: "M mls ngapi, D mls ngapi, kila saa ngapi." Usiku saa 3 na nusu karibu na Tinde, kabla ya Shinyanga, hutafanya hesabu.

ORS ichanganywe kwa maji safi, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja. Usigawe pakiti, usichanganye kwenye soda au juisi. Ikishachanganywa haivuki saa 24.

Sasa lile ambalo watu wananiuliza kwa kunong'ona: dawa ya kumlaza. Hapana. Dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi zinaweza kumzuia mtoto mdogo kupumua vizuri, na promethazine hairuhusiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Nyingine huwafanya watoto wengine warukeruke badala ya kulala, ukawa umenunua balaa kwa pesa yako. Anayetapika sana kila safari, mpeleke kwa daktari wiki moja kabla.

## Hatua ya 9: Begi la buti, na usiku wa kufika

Begi la buti lina siri moja: juu kabisa, chini ya zipu, weka mfuko mmoja wa usiku wa kwanza. Ndani yake nguo za kulalia, shuka, chandarua, pampasi tatu, miswaki. Mtafika usiku wa manane, watoto wamelala, wenyeji nao wana usingizi. Ufungue zipu, uchukue mfuko mmoja, mlale. Chandarua si mapambo: Kanda ya Ziwa ina malaria kuliko Dar, na kitanda cha wageni mara nyingi ndicho kisicho nacho.

Zawadi zinaingia pembeni. Sukari na mchele visikae juu ya nguo bila kufungwa mara mbili. Vya maji maji, kama mafuta ya nazi, vikae wima katikati, vimezungushiwa kanga ya bibi. Ikimwagika, utakuwa na zawadi mbili zilizoharibika lakini nguo za watoto zimepona.

Andika jina na simu kwenye utepe, ubandike nje na ndani ya begi. Mzigo ukiingia butini, pewa kipande cha namba na ukitie kwenye kipochi. Piga picha begi.

## Hatua ya 10: Jaribio la gizani

Usiku wa kuamkia safari, watoto wakiwa macho bado. Kaa kwenye kiti. Begi kati ya miguu. Mpakate mdogo. Zima taa. Mtu wa nyumbani akutajie vitu vitano, kimoja kimoja: pampasi, dawa ya homa, nguo ya mkubwa, maji, kindoo.

Kila kimoja kipatikane kwa mkono mmoja kabla hajahesabu thelathini. Kikichelewa, washa taa, kihamishe, rudia.

Nyumbani kwangu hili limekuwa mchezo. Mkubwa ndiye anahesabu, na anahesabu haraka makusudi. Lakini faida yake ya pili sikuitegemea: mwenyewe amejua kila kitu kilipo. Safari iliyopita ndiye aliyenipa tishu kabla sijaomba.

## Asubuhi yenyewe

Fika stendi saa nzima kabla. Mdogo mgongoni kwa mbeleko, begi la miguuni kifuani, mkubwa mkono wa kushoto, wa kulia unavuta begi la buti. Wapiga debe watalikimbilia begi. Sema jina la basi lako na neno "nimeshakata," endelea kutembea, usiachie mkono wa mtoto kwa ajili ya begi. Begi litapatikana.

Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ndani ya mkono wa mkubwa, juu ya kifundo, na ndani ya ukosi wa mdogo.

Ukishapanda, kabla basi halijaondoka: kindoo chini, begi chini, maji mkononi, kanga begani. Basi likipita Kibaha nawe hujainuka hata mara moja, umefunga vizuri.

Kuna njia ya kuikata safari. Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, ina vyoo, na mtoto anaweza kusimama akanyoosha miguu. Ukilala Dodoma kwa ndugu, basi la kesho yake ni nusu ya adha. Tatizo ni kwamba mizigo unaibeba mwenyewe kupanda na kushuka, na vifurushi vya usiku vinakuwa viwili.

## Kurudi

Hili watu hawalipangi kabisa. Bibi hakuruhusu uondoke mikono mitupu: mchele, dagaa, viazi, pengine na jogoo ambaye utamkataa mara tatu. Kwa hiyo chini ya begi la buti, tangu unatoka Dar, laza shangazi kaja mmoja mtupu, amekunjwa. Pampasi zimepungua, zawadi zimeshuka, nafasi ipo. Nguo chafu zote ziingie humo, begi zuri libaki na vya njiani, na vifurushi vipya uvitengeneze usiku ule ule kabla watu hawajaanza kukuaga.

Dagaa wafungwe kwenye ndoo ya mfuniko, mpya, na waende butini. Kile kindoo chetu kisiguswe, hata ukikiosha kwa sabuni mara saba.